Fuso imebadilishwa injini, sasa inachemsha ikipanda na mzigo. Nikubali kufungua hedi?

DadaWaTandahimba

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naombeni mawazo yenu mafundi na madereva, hasa nyie wa huku kusini maana barabara zetu na mizigo yetu mnaijua.

Nina Fuso ya tani kumi, mdogo wangu ndo anaiendesha. Ilikuwa na injini 6D14, ikachoka, oil inakula na moshi kama wote, nikashauriwa nisihangaike kuifungua yote bora ninunue ya mtumba. Nikapata 6D16 Dar, ikaja imekamilika, ina pampu yake ya dizeli, stata, altaneta, kompresa ya upepo, vyote viko juu yake. Fundi kaifunga hapa hapa Tandahimba. Rejeta imebaki ileile ya zamani, mipira ya juu na ya chini kaweka mipya, maji tukatia pamoja na kulanti (dawa ya maji ya rejeta) ya kijani. Themostati hajasema kama aliigusa.

Sasa ikishuka na korosho kwenda Mtwara hamna shida kubwa. Ikirudi na saruji ndo balaa, ikianza tu kupandisha kuja huku juu sindano inapanda taratibu mpaka inakaribia nyekundu, dogo anapaki anasubiri ipoe ndo anaongeza maji. Na maji yenyewe huku uwandani mnajua yanavyopatikana kwa taabu, inabidi atembee na madumu. Kingine asubuhi gari imelala usiku kucha imepoa kabisa ila mpira wa juu ukiubonyeza bado mgumu, na kwenye kichupa cha akiba maji yamejaa mpaka yanamwagika wakati rejeta ukifungua imepungua.

Tangu injini ifungwe upepo nao unachelewa kujaa, akiwasha asubuhi anasubiri sana mpaka buza ya breki inyamaze, hilo nalo nitalishughulikia baadae, dogo anasema pia akifungua kile kikoki cha chini ya tangi la upepo yanatoka maji yana rangirangi.

Fundi anasema gasketi ya hedi (ile ya chini ya kichwa cha injini) imeungua, anataka afungue, hedi iende Mtwara ikachongwe, gasketi mpya, hela ndefu. Na msimu ndo huu, gari ikikaa chini wiki mbili mzigo wanachukua wengine. Kabla sijatoa hela nataka nijue, kweli ni hedi? Kuna namna ya kuhakikisha bila kufungua?

---

Dereva_Mingoyo

Pole sana dada. Mie nnaendesha Fuso miaka mingi, Lindi, Masasi, Newala, hio hali nimekutana nayo. Mwambie dogo atoe themostati atupe, hapa kwetu joto, themostati ni ya nchi za baridi huko. Maji yapite moja kwa moja. Na huo mlima asikazane na gia kubwa, arudishe gia mapema injini izunguke, feni ivute upepo na wota pampu isukume maji. Madereva wengi wanabana gia kubwa wanakanyaga mafuta mpaka mwisho wanadhani ndo wanaokoa dizeli, kumbe injini inazunguka polepole, feni hamna kitu, na dizeli inayoungua ni nyingi.

---

fundi_mikindani

Kaka hapo kwenye gia nakuunga mkono, ila kwenye themostati hapana, naomba tulipinge hili kabisa maana limeua injini nyingi. Themostati ya injini nyingi za dizeli za Kijapani ina kazi mbili. Ikiwa imefunga inayarudisha maji kwenye injini kwa njia fupi yapate moto haraka, ikifunguka inafungua njia ya rejeta na papo hapo kile kisahani chake cha chini kinaiziba ile njia fupi. Ukiitoa njia fupi inabaki wazi muda wote, maji mengi yanazunguka humo humo ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta. Ukiwa mtupu huoni kitu, siku ukibeba tani kumi ukapanda ndo unachemsha zaidi ya mwanzo. Na injini ikifanya kazi ya baridi muda wote silinda zinalika haraka. Kama ina mashaka itolewe ipimwe, iweke kwenye sufuria ya maji jikoni uitazame, namba ya joto la kuanza kufunguka imegongwa juu yake, nyingi ni 76.5 au 82, maji yakikaribia kuchemka lazima iwe imefunguka vizuri. Haijafunguka nunua mpya. Na wakati wa kurudisha kile kitundu chenye kijipini kinakaa juu, hapo ndo hewa inatokea wakati wa kujaza maji.

Sasa nije kwako dada. Usikubali kufungua hedi bado. Simaanishi fundi wako kakosea, dalili ulizotaja kweli zinafanana na gasketi. Mpira mgumu asubuhi wakati injini imepoa maana yake kuna gesi imeingia kwenye njia ya maji na imebaki imefungiwa humo, joto peke yake likipoa mpira unalegea. Maji kusukumwa kwenye chupa na yasirudi, hio nayo ni gesi. Kwa hio gesi ipo, hilo halina ubishi. Swali ni gesi inatokea wapi.

Na hapa ndo umeandika kitu cha maana kuliko vyote halafu ukakipita, upepo kuchelewa kujaa na maji yenye rangi kwenye tangi la upepo. Hayo maji yana rangi gani dada? Ni ya kijani kama kulanti yenu?

---

DadaWaTandahimba

Nashukuru sana fundi. Nimempigia dogo sasa hivi. Anasema ndio yana ukijani, alidhani ni uchafu wa tangi, na yanateleza kidogo ukiyashika.

---

fundi_mikindani

Basi tuanze na kompresa.

Kompresa ya upepo ya gari hizi inapozwa na maji ya injini. Kuna mpira mdogo unaingiza maji kwenye hedi ya kompresa na mwingine unayarudisha. Ndani ya hiyo hedi ndogo njia ya maji na njia ya upepo zimetenganishwa na ukuta wa chuma na gasketi tu. Ukuta ukipata ufa au gasketi ikichoka, kompresa inapojaza upepo ule upepo unaingia kwenye maji, injini ikizimwa maji nayo yanaweza kupenya upande wa upepo, ukiwasha yanasukumwa mpaka kwenye tangi. Upepo unajaa kwa kuchelewa kwa sababu mwingine unaishia kwenye rejeta. Dalili zako zote tatu zinakaa hapo. Na injini ya mtumba ikikaa muda mrefu bila maji, au imewahi kuendeshwa na maji matupu, hedi ya kompresa inaliwa na kutu kama sehemu nyingine yoyote, ila mnunuzi anaangalia injini, kompresa nani anaikagua.

Kuna kipimo hakihitaji hata spana. Asubuhi injini ikiwa imepoa kabisa, matangi ya upepo yamwagwe yawe matupu. Fungua mfuniko wa rejeta (IKIWA IMEPOA, usije ukafungua ya moto, maji yakiwa na presha yanakurukia usoni), jaza maji mpaka shingoni. Washa, iache sailensa (ingurume bila kukanyaga mafuta), mmoja atazame shingo ya rejeta. Mwanzo vipovu viwili vitatu ni hewa ya kawaida inatoka, subiri viishe. Kama vinaendelea mfululizo, tazama geji ya upepo. Upepo ukijaa gavana (vali inayozuia upepo usizidi) itakata, utasikia ule mlio wa pshh, kuanzia hapo kompresa inazunguka lakini haisukumi kitu. Vipovu vikikoma au vikipungua sana hapo hapo, kanyaga breki mara nyingi upepo ushuke mpaka kompresa ianze tena kujaza. Vikirudi, mchawi ni kompresa. Vikiendelea vilevile bila kujali upepo umejaa au haujajaa, na ukikanyaga mafuta vinaongezeka, basi fundi wako yuko sahihi, ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe ina ufa.

Ukitaka uhakika zaidi, ile mipira miwili midogo ya maji ya kompresa ichomolewe, upande wa injini uunganishwe wenyewe kwa wenyewe na kipande cha bomba, urudie kipimo. Kompresa bila maji usiiache muda mrefu, dakika chache za kupima tu, na gari isitembee hivyo.

---

spea_masasi

Fundi umeeleza vizuri sana, mie niongezee upande wa vifaa maana nauza spea na watu wengi wananijia wakiwa wameshanunua vitu visivyohitajika.

Dada, injini uliyotoa na uliyoweka hazilingani. 6D14 ni lita 6.6 hivi, 6D16 ni lita 7.5. Inakula dizeli nyingi zaidi ikivuta mzigo na joto lake ni zaidi, wakati rejeta ni ileile na tena imezeeka. Kwa hio hata kompresa ikipona usishangae sindano ikiwa bado inapanda kidogo mlimani. Rejeta itolewe ikapimwe. Maji ya visima vingi vya ukanda wa pwani yana chumvi, yakizoeleka kwenye rejeta yanaila na kuacha ukoko kwenye vile vibomba. Ukiwa na ile bunduki ya kupimia joto pitisha juu ya rejeta injini ikiwa ya moto, joto linatakiwa lishuke taratibu kutoka upande maji yanapoingia kwenda upande yanapotokea, ukikuta sehemu iko baridi ghafla ujue vibomba vya hapo vimeziba. Huna bunduki, chomoa mipira yote miwili, ziba chini kwa mkono, jaza maji halafu achia, yatoke kwa kishindo. Yakitoka kwa kujivuta rejeta imeziba. Na nje yake, majani na vumbi la barabara ya vumbi linaganda katikati ya mapezi, lioshwe kwa maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, sio kutoka mbele, ukipulizia kutoka mbele unalishindilia.

Mfuniko wa rejeta nao usiudharau, ni kitu cha bei ndogo. Ule ndo unashika presha. Maji ya wazi hapa pwani yanachemka kwenye nyuzi 100, yakibanwa kwa presha ya bar 1 yanafika karibu 120 kabla hayajachemka. Springi ikilegea au mpira wake umekatika unapoteza hayo yote, maji yanachemka mapema na yanamwagika.

---

Dereva_Mingoyo

Hilo la themostati nimelipokea fundi, nimesoma mara mbili. Nnauliza sasa, mie gari yangu inachemsha ikiwa imesimama, kwenye foleni ya kupima mzigo au kushusha ghalani, ikitembea inapoa yenyewe. Nayo ni gesi?

---

fundi_mikindani

Hapana kaka, hio yako ni upepo wa feni, rahisi zaidi. Lini inachemsha ndo swali la kwanza ambalo fundi yeyote anatakiwa akuulize kabla hajashika spana. Inachemsha imesimama ikitembea inapoa, tazama feni, mkanda wake umelegea au umepaka oil, klachi ya feni imechoka, au lile kava linalozunguka feni halipo. Inachemsha ikivuta mzigo mkubwa tu, tazama rejeta na mzunguko wa maji, au gesi kama ya dada, na wakati mwingine pampu ya dizeli imechelewa kupiga au breki zinashika bila dereva kujua. Inachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, hapo ni hewa iliyonasa, themostati iliyoganda, au gesi nyingi.

Klachi ya feni izungushe kwa mkono injini imezimwa na ina moto, inatakiwa iwe nzito kidogo, ikizunguka yenyewe kama ya baiskeli imekufa. Zima injini kabisa lakini, funguo mfukoni, feni imeshakata vidole vya watu.

Na kava ni tatizo kubwa kwa gari zilizobadilishwa injini hasa. Injini mpya ikikaa mbele au nyuma kidogo kuliko ya zamani feni inagusa kava, fundi anaona usumbufu, analitoa analitupa. Bila kava feni inazungusha upepo uleule wa moto uliopo pale, haivuti kupitia rejeta. Mapanga yake yakae karibu nusu au zaidi kidogo ndani ya kava, mwanya wa pembeni uwe mdogo. Dada hebu na wewe tazama, kava lipo?

---

MzeeWaNdanda

Nimesoma yote wanangu, mnafanya kazi nzuri. Mimi nimestaafu kazi ya magari ila kuna moja naona halijasemwa. Binti yangu, kabla ya vyote hakikisha hiyo sindano inasema kweli. Injini imekuja na sensa yake ya joto, geji ya kwenye dashibodi ni ya gari la zamani. Sensa na geji zisipolingana sindano inaweza kusema nyekundu wakati injini iko salama, au mbaya zaidi ikasema salama wakati inaungua. Hamisha sensa ya injini ya zamani kama nyuzi za parafujo yake zinaingia, au pima joto pale kwenye nyumba ya themostati kwa hiyo bunduki mlinganishe. Halafu waya wa asi (ethi) kati ya injini na shasi, wakati wa kufunga injini mara nyingi unasahaulika au unafungwa juu ya rangi. Dalili yake, ukiwasha taa kubwa sindano inaruka.

Na kijana anayeendesha aambiwe, ikishachemsha asizime hapohapo na asimwagie maji baridi. Kama maji bado yapo apaki aiache sailensa mpaka joto lishuke, ndo azime. Hedi ya chuma ikiwa ya moto ukaitia maji ya dumu inapasuka, hapo ndo mtakuwa mmenunua hedi kweli.

---

DadaWaTandahimba

Shikamoo mzee, ahsante sana. Na wote nawashukuru, sikutegemea kupata majibu ya namna hii.

Tumepima leo alfajiri kama fundi wa Mikindani alivyoelekeza, nilisimama mwenyewe kwenye rejeta. Vipovu vilikuwa vinatoka mfululizo. Gavana ilipokata vikakoma kabisa, yaani maji yakatulia tuli. Dogo akakanyaga breki mpaka upepo ukashuka, vikaanza tena. Tumerudia mbele ya fundi wetu, mwanzo hakuamini, baadae akachomoa mwenyewe ile mipira ya kompresa akaunganisha bomba, vipovu havikutoka hata akikanyaga mafuta. Amefungua hedi ya kompresa, kuna ufa unaonekana kwa macho kwenye njia ya maji na kutu imekula pembeni. Kasema hajawahi kulikuta hili, na kwa kweli amelichukulia vizuri, anataka hata kuwaonyesha vijana wake.

Kava la feni lipo ila limekatwa nusu ya chini, hio nimeiona baada ya kuuliza kwako. Sindano haichezi tukiwasha taa. Themostati tumechemsha, imefunguka vizuri, tunairudisha.

Swali langu sasa, hedi ya kompresa nitafute peke yake au ninunue kompresa nzima? Na yale maji yaliyoingia kwenye mfumo wa breki yana madhara?

---

spea_masasi

Kompresa nzima dada. Hedi ikishaliwa hivyo na silinda yake mara nyingi imechoka, ndo itaanza kutupa oil kwenye matangi. Njoo na ya zamani mkononi tulinganishe gia, matundu ya bolti na pa kuingizia maji, usinunue kwa kutaja jina la injini tu. Ya mtumba ukipata, hedi ijazwe maji kwenye njia yake ipulizwe upepo upande wa pili kabla hujalipa, ikitoa vipovu mrudishie. Rejeta nayo itume pamoja na hiyo kompresa, Masasi kuna watu wanaifungua na kuisafisha vizuri.

---

fundi_mikindani

Safi sana dada, na msifu fundi wako kwa kukubali kupima. Kuhusu breki ndio, madhara yapo na usilichukulie poa. Kulanti na maji vinaharibu mipira ya ndani ya vali za breki na vinaleta kutu. Matangi yote yafunguliwe vikoki, sio moja, mpaka yatoke makavu. Bomba linalotoka kwenye kompresa kwenda tangini lichomolewe lisafishwe. Kama ina kichujio cha unyevu kibadilishwe. Halafu ijazwe upepo, izimwe, muisikilize, sikio kwenye kila vali, na breki ikanyagwe na kushikiliwa mtu atazame geji. Upepo ukishuka kuna vali inavujisha. Hili lifanyike kabla haijabeba tena, maana mnashuka na mzigo wa korosho kutoka uwandani mpaka bahari.

Maji ya injini yamwagwe yote mjaze upya, kulanti ichanganywe na maji safi ya mvua kama hamna ya kununua, yasiwe ya kisima cha chumvi. Mjaze taratibu mfuniko ukiwa wazi, injini iwe inanguruma mpaka themostati ifunguke na mpira wa chini upate moto, maji yakishuka mnaongeza. Na kava likaungwe kwa fundi bati, nusu ile ya chini ni kubwa sana kuikosa.

---

DadaWaTandahimba

Sawa fundi, gari haibebi mpaka breki zikaguliwe. Dogo anakuja Masasi kesho kwa basi na kompresa ya zamani, spea_masasi nitakutumia ujumbe akifika.